Meli ya kivita izamishwe Malindi iwe nyumba ya samaki: mvuvi wa malema atapata nini?

Mvuvi wa Shela, Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mvuvi wa malema, mitego ya kusuka, hapa Shela, mwaka wa ishirini na mbili sasa baharini. Wiki iliyopita tuliitwa kikao bandarini, tukaelezwa kuna watu wanataka kuomba meli ya kivita iliyostaafu, isafishwe, ivutwe mpaka mbele ya Malindi, izamishwe. Wanasema itaota matumbawe, samaki watajaa, na wageni wa kuzamia watakuja kuitazama. Tukaonyeshwa picha kwenye simu. Tewa mkubwa kama mtoto wa miaka mitano amesimama mlangoni mwa chumba cha nahodha.

Sipingi. Kwamba samaki wamepungua sihitaji kuhadithiwa. Zamani nikitega malema kumi, saba yanarudi na tasi na changu. Siku hizi matatu yakiwa na kitu nashukuru, na ndani yake ni vitasi vya kiganja ambavyo roho inanisuta nisipovirudisha.

Ila usingizi hauji. Chuma kile kina mafuta na rangi za kila aina, je, havitaingia kwenye samaki ninaowalisha wanangu? Na meli ikishakaa chini, nitatega karibu yake au nitaambiwa hapa ni pa wageni? Aliyeona kwa macho yake anijibu.

Mzamiaji, Bamburi

Waleikum salaam kaka. Nimeona kwa macho yangu. Kazi yangu ni kuzamisha wageni kaskazini mwa Mombasa, na kwenye MV Dania nimeshuka mara zisizo na idadi. Haikuwa ya kivita, ilikuwa meli ya kubeba mifugo, ikazamishwa kwa makusudi 2002. Imekaa wima, mita 30 hivi chini. Unashuka na kamba, huoni ila buluu, mara kivuli, mara ukuta. Ukisogeza uso unakuta chuma hakionekani tena: kimevaa sifongo, chaza na matumbawe laini yanayopepea na mkondo kama pindo la leso. Kolekole wanazunguka juu, tewa wako vyumbani. Picha ulizoonyeshwa si za uongo.

Sasa swali lako la sumu, hilo ndilo la kwanza kuuliza. Meli za kivita za zamani zina asbesto, zile nyuzi za kuzuia moto zinazodhuru mapafu, zina mafuta kwenye matangi na mabomba, na nyaya zake za umeme zilifunikwa kwa vitu vyenye kemikali ziitwazo PCB. Hizo haziozi. Zinaingia kwenye mafuta ya mwili wa samaki mdogo, mkubwa akimla zinaongezeka, na wa mwisho kwenye foleni ni mtoto wako. Wamarekani walipoizamisha Oriskany, meli ya kubeba ndege za kivita, karibu na Pensacola tarehe 17 Mei 2006, kazi ya kuandaa na kuzamisha iligharimu takriban dola milioni 20, na hata hivyo baadhi ya nyaya zenye PCB zilibaki ndani kwa ruhusa maalumu. Yenyewe ilizama kwa dakika 37 tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "itasafishwa", mwambie akuonyeshe bajeti ya kusafisha kabla hajakuonyesha picha ya tewa.

Hata kuzamisha kwenyewe kuna mambo. Yukon, meli ya kivita ya Kanada, ilipelekwa San Diego, Marekani, mwaka 2000, matundu yakishakatwa ubavuni tayari kwa siku ya pili. Usiku bahari ikachafuka, maji yakaingia kwenye matundu, ikazama kabla ya siku yake na kulala ubavu. Meli nyingine, Spiegel Grove, huko Florida, 2002, ilipinduka omo, yaani pua yake, likabaki nje ya maji, ikabidi kazi ya wiki kadhaa kuimaliza. Ikalala ubavu miaka mitatu mpaka kimbunga cha 2005 kikaisimamisha chenyewe! Nahodha yeyote wa jahazi atakwambia chombo kinachojaa maji hakimsikilizi mtu.

Kijana wa Mayungu

Kwani lazima meli? Tairi za matatu zimejaa kila gereji. Tuzifunge pamoja tuzitose, bei rahisi.

Mzamiaji, Bamburi

Usithubutu, mdogo wangu. Florida hiyohiyo, miaka ya 1970, walitosa tairi karibu milioni mbili mahali panapoitwa Osborne Reef. Vifungo vikaliwa na kutu, tairi zikaachana, zikawa zinabiringika kila bahari inapochafuka na kusaga matumbawe hai ya jirani. Jeshi lao lilitumwa kuziopoa miaka mingi baadaye. Tumbawe halishiki kwenye mpira unaotikisika.

Mama karanga, sokoni Malindi

Mwanangu wa Shela, mimi nakaanga samaki unaowaleta wewe na wenzio, basi nami nina haki ya kuuliza. Hao samaki wa kwenye meli wanazaliwa pale au wanahamia? Soko jipya likifunguliwa mtaa wa pili linajaa wiki ya kwanza, lakini wachuuzi ni walewale wa soko la zamani. Kama meli itawakusanya waliobaki mahali pamoja, na wenye mitego mikubwa wakajua pale ndipo walipo, mwaka mmoja tu watamalizwa. Karai langu halitajua kama kulikuwa na meli.

Mzamiaji, Bamburi

Mama, shikamoo. Swali hilo hata wataalamu wanabishana nalo, na jibu linategemea sana kama patavuliwa au la. Wanaokuja haraka wanahamia. Wa kuzaliwa na kukulia pale wanataka miaka, na wanataka waachwe.

Nahodha, Amu

Salamu kutoka Amu. Mimi nitasema mawili. Napita hapo Malindi kusi na kaskazi, najua maji yenu. Mto Sabaki ukishiba mvua unamwaga udongo mwekundu. Wakati wa kusi udongo unasukumwa kaskazini, upande wa Ngomeni, kaskazi ikivuma unarudi kwenu, ghuba yote inakuwa chai ya maziwa. Meli ikiwekwa kwenye njia ya udongo huo, matumbawe yatashika wapi? Itakuwa kaburi la chuma lenye tope. Waulize inawekwa wapi, kwa pima ngapi, na chini ni mchanga au tope.

La pili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapo kwenu Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari mpya. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2012. Ami yangu, ni afadhali mdai karatasi sasa, meli ikiwa bado inaelea: nani atavua pale, kwa mtego gani, nani atakatazwa. Iandikwe na isainiwe kabla ya kamba ya kuvutia kufungwa.

Mvuvi wa Shela, Malindi

Ahsanteni sana, na mama karanga nitakuja kesho tuzungumze, nataka uwepo kwenye kikao kijacho.

Yule bwana alitutajia mahali pa kuiweka, mbele ya mwamba tunaotega sisi. Jumamosi maji yakiwa mafu nitakwenda na chubwi, risasi ya kupimia kina, kamba nimeshaifunga fundo kila pima. Chini ya chubwi nitapaka sabuni ya mche kama alivyokuwa akifanya babangu. Ukishikana nayo mchanga nitawaambia, na ikirudi na tope jekundu nitalikausha nilipeleke kikaoni kwenye karatasi.