Virusi vya UKIMWI havionekani lakini CD4 (hesabu ya seli za kinga) imekwama. Shida ni nini?

Mama Omena, Kibuye
Hamjambo. Niko kwa dawa tangu 2022, ile tembe moja ya kila siku. Nilianza nikiwa nimechelewa, CD4 ikiwa 64. Kipimo cha wingi wa virusi kinarudi LDL, yaani virusi havionekani, kila mara, lakini CD4 imekwama 180. Juzi kliniki mhudumu aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, dawa unameza kweli?" Nameza. Saa tatu usiku simu ikilia naacha kila kitu. Iliniuma mpaka leo. Sasa binti yangu amesoma kwamba virusi vina protini zinazodhoofisha kinga. Kama virusi havionekani, protini hizo zinatoka wapi?

Mtu wa Maabara, Kisumu
Pole sana, mama. Swali lile hukustahili, tena mbele za watu. Anayeacha dawa, virusi kwa kawaida hurudi kwenye damu baada ya wiki chache tu. LDL yako ya kila mara inakutetea.

Binti amesema kweli. Kwenye hiyo tembe, tenofovia na lamivudini huzuia kirusi kunakili jeni zake ziwe DNA, na dolutegravia hukizuia kujichomeka kwenye DNA ya seli. Zote hufanya kazi mlangoni. Seli ambayo kirusi kilishajichomeka zamani, hakuna kati ya hizo tatu inayoinyamazisha. Hata nakala mbovu za kirusi ndani ya seli, zisizoweza kuzaa kirusi kizima, baadhi bado hutoa protini.

Protini ya virusi inayonikera zaidi ni Nef. Seli ya kawaida huweka vipande vya protini zake nje, kama wewe unavyomwaga omena mezani, ili seli za CD8, askari wa kinga, zipite na kukagua. Zikiona kipande kigeni, zinaiua seli hiyo. Nef huvuta ndani HLA-A na HLA-B, yaani meza zenyewe, na seli yenye virusi inapitwa tu. Kuna pia gp120, protini ya ganda la kirusi: hung'oka, ikanata kwenye molekuli ya CD4 iliyo juu ya seli isiyo na virusi, na maabara imeonyesha seli hiyo isiyo na kosa inaweza kushambuliwa kana kwamba imeambukizwa. Tat, protini nyingine ya virusi, nayo huvuja na kusumbua seli jirani.

Uzito wa Nef ulionekana Sydney, Australia. Kuna watu waliopewa damu ya mchangiaji mmoja ambaye virusi vyake vilikosa sehemu ya jeni ya nef. Taarifa zao zilitoka 1995: walikaa miaka mingi bila dawa na bila kuugua, ingawa baadaye CD4 za baadhi yao zilianza kushuka.

Ila kwako naona sababu kubwa ni ile 64. Ukianza chini hivyo, tezi za limfu zinakuwa zimeshapata makovu, na CD4 hupanda polepole mno.

Mshauri Rika, Siaya
Dada, chini ya 200 uliza kipimo cha TB cha mkojo na kile cha damu cha kriptokoka, aina ya fangasi. Septrin, dawa ya kukinga magonjwa nyemelezi, usiache mpaka kliniki wakuambie.

Mama Omena, Kibuye
Asanteni. Na mume wangu, hizo protini zinaweza kumwambukiza?

Mtu wa Maabara, Kisumu
Hapana. Protini peke yake haiambukizi, inahitajika kirusi kizima. Ukibaki LDL, humwambukizi kwa kujamiiana. Endelea na saa tatu yako.