Kukata faiba ya sensa: kikatio chake, wembe, au ninunue ya kioo?

Mtambo_Pugu: Wakuu, habari za kazi. Faiba ya sensa (uzi unaopitisha mwanga wa kugundua pakiti) kwenye mashine yetu ya kufungasha unga imekatika. Wengine wananiambia nitafute kikatio chake, wengine wembe unatosha, bosi anataka ya kioo. Naagiza kesho asubuhi, nishaurini.

Sensa_Arusha: Mkuu, hujasema ni plastiki au kioo, unene wake, wala inavyofanya kazi. Ya kioo huwezi kuikata mwenyewe hapo kazini, inakuja na urefu wake. Ukiikata umeiua.

Mtambo_Pugu: Samahani. Plastiki, nje 2.2 mm, kiini kinachopitisha mwanga 1 mm. Ziko mbili zinatazamana, moja inatoa mwanga, nyingine inapokea.

Faiba_Mtaani: Mimi naunganisha faiba za intaneti. Lete vipande, nivichomelee, usinunue kitu.

Sensa_Arusha: Ndugu, hiyo ni akriliki, aina ya plastiki. Cheche ya mashine yako inayeyusha kioo, hii itageuka tone. Halafu kiini cha faiba zako za masafa marefu ni mikroni 9, hiki ni milimita nzima.

Mzee_Wembe: Wembe mpya, kata wima, kisha sugua ncha kwa msasa namba 2000 na maji. Sijawahi kujuta.

Dada_Umeme: Shikamoo mzee. Mimi nimejuta, ila kwa koleo la nyaya. Zamu ya usiku, mashine imesimama, nikakata nikachomeka. Namba ya mwanga kwenye amplifaya, kile kiboksi faiba zinapochomekwa, ilizoea kuwa juu ya 3000, ikaja 900. Nikaifundisha upya, yaani nikaiwekea kiwango kipya cha mwanga, ikakubali, nikaenda zangu. Kufika alfajiri vumbi la unga limekaa kwenye ncha kidogo tu, sensa ikawa inaona pakiti wakati hakuna pakiti. Tulitupa filamu ya kufungashia hadi saa nne. Kuitazama ile ncha kwa lenzi, imebonyea kama mrija uliotafunwa na ina ufa mweupe katikati. Nikakata tena kwa kile kikatio kidogo kinachokuja ndani ya pakiti ya faiba, mkandamizo mmoja bila kusita, namba ikarudi. Kila tundu la kikatio litumie mara moja, maana wembe wake unabutuka pale pale. Chomeka hadi alama iliyochorwa ubavuni mwa amplifaya, ndipo ufunge kilango.

Mzee_Wembe: Marahaba mwanangu. Koleo si wembe lakini.

Dada_Umeme: Kweli mzee, ila mkono ukiyumba ncha inakaa mshazari.

Sensa_Arusha: Mtambo, bosi anataka kioo kwa nini? Kuna joto? Plastiki ya kawaida mwisho wake nyuzi 70 hivi.

Mtambo_Pugu: Hakuna joto. Imekatika mara mbili, pale inapokunjwa kwenye mkono wa mashine unaotembea.

Sensa_Arusha: Sasa ndiyo unasema! Hapo hata kioo kitavunjika. Tafuta ya plastiki yenye viini vingi vyembamba, inavumilia kukunjwa. Kona yake ya sasa ina nusu kipenyo gani?

Mtambo_Pugu: Nitapima kesho.

Faiba_Mtaani: Vikatio hivyo vinauzwa peke yake? Navitaka viwili.