Baba baada ya kiharusi: akili imechoka au haoni upande mmoja?

binti_mwalimu
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana nyumbani hatuelewani. Baba yangu ana miaka 69, mwalimu mstaafu, alipata kiharusi miezi minne iliyopita, mkono na mguu wa kushoto ukalegea, tunashukuru sasa anatembea na fimbo na maneno anatoa vizuri tu. Tatizo ni akili. Anagonga fremu ya mlango kila siku, bega lilelile. Anakula ugali nusu sahani halafu analalamika mama anamnyima kitoweo, na samaki yupo palepale kwenye sahani! Mama ameshalia mara mbili kwa hilo. Juzi dada kanitumia meseji kwamba kina shangazi hawatakuja Jumapili, nikampa baba simu asome mwenyewe, Jumapili namkuta kavaa kanzu kakaa barazani tangu saa mbili asubuhi anasubiri wageni, namwuliza ananiambia "si wameandika watakuja". Tulimpeleka kupima macho kwenye duka la miwani, herufi za ukutani alizisoma hadi za chini, wakatupa miwani ya kusomea na haijasaidia kitu. Kliniki alipewa karatasi achore saa, namba zote 12 akazirundika upande mmoja, tukaambiwa kumbukumbu inashuka, tuzoee. Sasa kaka zangu wanataka kukaa kikao wamnyang'anye kadi ya benki. Ndo mwisho wa akili yake au kuna kitu hatukioni?

Koleo_la_Jiko
Pole dada. Hapo kuna mkono wa mtu, mstaafu akishapata kiinua mgongo majirani hawalali. Mtafutieni sheikh amsomee.

nesi_wa_zamu
@Koleo dua haikatazwi ila tusimwache mzee agonge milango tunasubiri mchawi ajulikane 😀

Binti, nimekaa wodi zenye wagonjwa wa kiharusi muda mrefu na ulichoandika nimekiona mara nyingi sana. Hebu niambie, saa aliyochora, namba zilirundikana upande gani? Nina uhakika ni kulia. Na bega linalogonga ni la kushoto, na samaki anayebaki yuko kushoto mwa sahani. Macho yake yanaweza kuwa mazima kabisa, kilichoumia ni ubongo unaopokea picha. Upande wa kulia wa ubongo ndo unashughulikia vitu vilivyo kushoto, kwa hiyo ukiumia anakosa kushoto kwa macho YOTE mawili, siyo jicho moja. Ndo maana miwani haisaidii na ndo maana ubao wa herufi aliupita, pale anaangalia herufi moja moja katikati.

Sasa yapo ya aina mbili na yanaweza kumpata mtu mmoja. Kuna ambaye picha ya kushoto haifiki, huyo mara nyingi anajua kuna kitu hakioni na ukimfundisha anageuza kichwa. Na kuna ambaye picha inafika lakini ubongo hauijali, kwake kushoto ni kama hakupo duniani, huyo atanyoa ndevu nusu uso na ataapa amemaliza. Huyu wa pili ndo anaitwa kichaa au mkorofi.

Jaribu hivi: kaa mbele yake kama mita moja, aangalie pua yako, chezesha kidole upande mmoja, halafu mwingine, halafu pande zote mbili kwa pamoja. Akiona kila kimoja peke yake ila vikicheza pamoja anaona cha kulia tu, basi ni hiyo ya kutojali. Hiyo siyo kipimo cha kumalizia, mrudisheni kwa daktari wa macho wa hospitali apimwe eneo lote la kuona na muwaambie wazi kwamba alipata kiharusi.

Na hiyo meseji yako imenichekesha na kunisikitisha. Kiswahili chetu kinaweka mambo mazito mwanzoni mwa neno, toa "ha" kwenye "hawatakuja" uone kilichobaki. Mzee kasoma sawasawa alichokiona!

Mpigie mstari mwekundu kushoto mwa ukurasa, mfundishe asianze kusoma mpaka aupate. Jiko na chai ya moto visikae kushoto kwake. Na asiguse usukani wala pikipiki kwa sasa.

Mtoto_wa_Pwani
Nesi kaongea vizuri ila mimi niongeze upande wa pili, msije mkajipa moyo kupita kiasi. Mama yangu alikuwa hivyohivyo, tukafurahi kujua ni kuona, kumbe na kumbukumbu nayo ilikuwa inaondoka. Vinaweza kwenda pamoja. Sisi tulikuja kugundua kwa masikio, yaani vitu ambavyo havihitaji macho: unamhadithia kisa kifupi, baada ya nusu saa unamwuliza, hakumbuki hata kama mlikaa. Anauliza swali moja mara tano. Na akili yake ilishuka kwa ngazi, yuko sawa miezi miwili, ghafla anadondoka hatua moja, kwa sababu aliacha dawa za presha alipojisikia mzima, akapata kiharusi kingine kidogo. Dawa za presha zisimamieni nyie, msimwachie. Angalieni pia kama amenyong'onyea, huzuni baada ya kiharusi nayo inamfanya mtu aonekane kapotea.

binti_mwalimu
Nimerudi wakuu. Saa niliitafuta kwenye faili lake, namba zote KULIA nesi, nywele zilinisimama. Vidole navyo ni kama ulivyosema, nikichezesha viwili kwa pamoja anaona kimoja.

Mchana nimefanya jambo dogo tu. Alipomaliza nusu yake akaanza kulalamika, sikusema kitu, nikaizungusha sahani taratibu. Akanyamaza, akamtazama yule samaki, akamwuliza mama "huyu kaja saa ngapi?" Mama kacheka mpaka kakaa chini.

Kikao cha kadi nimewaomba kaka wasubiri mpaka tutoke kwa daktari wa macho, mmoja bado ananuna. Na kisa nilimpa baba, cha mbuzi wa jirani aliyeingia msikitini, nikamwuliza baada ya nusu saa. Kanisimulia chote, hadi rangi ya mbuzi, halafu na yeye kaniuliza: "Na hao shangazi zako, mbona hawakuja?"