Uliwahi kutembea na msafara wa kanisa mjini Mombasa? Tupeane uzoefu

Mgeni wa Msalaba
Hamjambo nyote. Ijumaa Kuu hii jumuiya yetu ndogo imepewa kituo cha 7 cha Njia ya Msalaba, Yesu anaanguka mara ya pili, na mwenyekiti kanitaja mimi kubeba msalaba. Miaka yote mimi hujipanga nyuma na kina mama wa leso, naimba kidogo, nanunua maji, basi. Sasa mate yamenikauka. Waliowahi kutembea, iwe Njia ya Msalaba, Matawi au Ekaristi, nisimulieni ilivyokuwa.

Baba Pacha
Ndugu yangu, uzito wa msalaba si kitu. Kazi ni mwendo. Mimi nilibeba mwaka mmoja tukitokea Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale Barabara ya Nkrumah, nikajiona kijana, nikatembea kama mtu anayewahi matatu. Katekista akanifuata mbio: "Baba, watu wako nyuma bado wako kituo kilichopita!" Na spika ilikuwa moja tu, juu ya pikapu. Sisi wa mbele tuko ubeti wa tatu, wa katikati wako kiitikio, wa mwisho wameanza wimbo mwingine kabisa. Ile ghasia ya sauti naikumbuka kuliko mahubiri, Mungu anisamehe.

Jambo la pili ni bega. Mbao haikusuguliwa vizuri, nilitoka na mchubuko. Kunja leso uiweke begani chini ya joho, hakuna atakayeona.

Na usivue viatu kwa kuiga. Kuna dada aliweka nadhiri ya kutembea peku. Asubuhi hakuna tatizo, ila saa tano lami ya mji huu unaweza kukaangia yai. Alifika mwisho, lakini alifika akirukaruka.

Shangazi wa Tononoka
Hilo la peku ni kweli tupu 😂

Muuza Simu, Digo Road
Mimi Muislamu, ila nina changu. Ijumaa Kuu ya 2023 iliangukia ndani ya Ramadhani. Msafara ukapita mbele ya duka, mama mmoja mtu mzima akashikwa na kizunguzungu. Nikamtolea kiti na chupa ya maji. Akanywa, akaniangalia: "Na wewe mwanangu, mbona hunywi?" Nikamwambia nimefunga. Akasema, "Hata mimi." Nikabaki nimeduwaa, nikidhani ananitania, mpaka akanieleza kwamba mfungo wao wa siku hiyo hauzuii maji. Wallahi nilimwonea wivu, ilikuwa bado sana magharibi.

Bibi yangu wa Mji wa Kale, kila akiona msafara wenu huuita zefe, kama ile yetu ya Maulidi. Tofauti yake anasema ni moja: nyinyi hamna matari.

Mama Asumini
Kwangu mimi hakuna kama Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Jumapili hiyo huangukia Mei au Juni, masika bado hayajaisha vizuri, na siku yetu ilinyesha padre akiwa katikati ya barabara na monstransi, kile chombo cha kuonyeshea Ekaristi, mkononi. Wazee wanne wameshika mwavuli mkubwa juu yake, upepo unauvuta, wanavutana nao kama wavuvi na tanga. Hakuna aliyekimbia. Watoto wa Utoto Mtakatifu waliokuwa wakimwaga maua mbele yake walilowa mpaka soksi.

Maua yenyewe tulikuwa tumekosa. Jirani yangu hufunga vikuba vya kuuza, siku hiyo akanipa kapu zima la asumini na mlangilangi, akakataa pesa. Mvua ilipoyapiga, barabara nzima ikanukia kama nyumba ya harusi. Padre mwenyewe alitabasamu, na si mtu wa kutabasamu huyo.

Mpenda Historia
Ukishuka Nkrumah mpaka mwisho unaikuta Fort Jesus. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa akaitwa Jerónimo Chingulia, aliiteka ngome ile kutoka kwa Wareno, na Wakristo waliokataa kuiacha imani wakauawa, Waafrika wakiwemo. Tulitembea mpaka pale parokia yetu ilipowakumbuka. Watalii wakatupiga picha. Kijana mmoja wa kwaya akawapungia mkono, akachapwa kofi la kisogo na mamake.

Kijukuu cha Rabai
Matawi! Nyanya hukata kinda la mnazi alfajiri, anachana chane na kusuka misalaba midogo, mmoja kwa kila mjukuu. Wangu bado uko juu ya mlango, umekauka.

Mgeni wa Msalaba
Asanteni, nimesoma yote, mwendo wa polepole nimeusikia. Viatu sivui. Mama ameniazima leso moja ya doti yake mpya kwa ajili ya bega, na ameshanionya: ikirudi na alama ya mbao, nanunua doti nzima.