Naomba ushauri: insha za wasifu kwa Kihispania zinanishinda, niko Kigoma

Ticha wa Mwanga: Habari wakuu. Nafundisha Kihispania vijana tisa hapa Mwanga, wanataka kuongoza watalii Gombe. Kuongea wanajikongoja. Ukiwaambia waandike ziwa lilivyo, unaletewa orodha: El lago es grande. El lago es azul. Yaani ziwa ni kubwa, ziwa ni la buluu. Basi. Nifanye zoezi gani? Usingizi sina.

Mzee wa Ujiji: Kongo hiyo hapo ng'ambo. Wafundishe Kifaransa wale hela.

Havana88: Mimi nimesomea Kuba. Mwalimu alinipeleka jikoni nimchore mama mpishi kwa maneno, neno "bonita" (mrembo) marufuku. Nikaanza na viganja vyake, vina unga mpaka kwenye kucha. Namkumbuka mpaka leo.

Binti Kasulu: Mkuu, mfano unawapa? Na mbona una haraka hivyo?

Ticha wa Mwanga: Jumamosi kuna wageni. Nimeandika aya moja mwenyewe, wote tisa wanaikariri. Nimeshaichapa.

Binti Kasulu: Kumbe! Mgeni akiuliza swali moja tu je?

Ticha wa Mwanga: Dada, zimebaki siku nne. Wakichanganya ser na estar, zile "kuwa" mbili za Kihispania, mbele ya watu, aibu ni yao.

Havana88: Mbona Mswahili anazo mdomoni! Nyavu ni kubwa: las redes son grandes. Nyavu zimelowa: las redes están mojadas. Hali ya -me-, amechoka, ameketi, mara nyingi ni estar. Na sifa mara nyingi inakuja baada ya nomino na kukubaliana nayo, kama kwetu.

Kaka Reli: Hii chai. Kihispania Mwanga? Weka sentensi ya mwanafunzi.

Ticha wa Mwanga: Ya binti wa Kibirizi, haimo kwenye aya yangu: "Cuando no hay luna, el lago tiene muchas luces. Mi padre es cansado." Yaani mwezi usipokuwepo ziwa lina taa nyingi, baba yangu amechoka. Ni taa za wavuvi wa dagaa, kwenye mbalamwezi hawaingii.

Havana88: "Es cansado" ni baba anachosha! Amechoka: está cansado. Rekebisha hapo tu, Jumamosi asome hiyo.

Kaka Reli: Siku hizi taa zenyewe za sola.

Ticha wa Mwanga: Karatasi nimeshazilipia, sizitupi. Ila kesho jioni nawapeleka Kibirizi na madaftari, kabla mitumbwi haijatoka.