Kulanti inavuja usawa wa alteneta, naweza kumaliza mwenyewe nyumbani?

Tochi_Mdomoni:
Habari zenu wakuu. Gari langu wiki ya pili sasa linapungukiwa kulanti (maji ya kupozea injini). Kila asubuhi nakuta kidimbwi cha kijani chini, upande wa mikanda. Nikimulika naona alteneta (ile inayochaji betri) imelowa, na breketi yake ina ukoko mweupe unaoelekea ukijani. Halijachemsha bado, mshale wa joto umetulia, lakini naongeza kama nusu lita kila siku ya tatu. Tangu juzi mkanda nao unalia nikiwasha. Fundi mmoja aliangalia sekunde tano akasema nikanunue pampu ya maji. Nina spana, soketi na Jumamosi nzima. Hivi alteneta inaweza kuvuja kulanti? Natanguliza shukrani.

Gia_ya_Nne:
Pole mkuu. Alteneta nyingi hupozwa kwa hewa, hazina tone la maji ndani. Zipo chache zinazopozwa kwa kulanti, mfano za baadhi ya BMW zenye injini ya N62, na hizo gasketi ikichoka zinavuja palepale. Kama yako haina njia ya maji, basi inaonewa tu. Maji yanatoka juu, yenyewe imo njiani tu.

Mzee_wa_Gasketi:
Usinunue kitu kabla hujajua. Injini ikiwa imepoa kabisa (ukifungua mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto itakubabua uso), funika alteneta kwa mfuko wa plastiki, osha eneo lote, kausha. Kisha azima ile pampu ya mkono ya kupimia presha, ifunge mahali pa mfuniko, pampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe. Mara nyingi ni kama bar 0.9 hadi 1.1, usizidishe. Uzuri wake injini imezimwa, feni haizunguki, unaingiza kichwa bila hofu.

Sasa tafuta mahali pa JUU kabisa palipolowa, maana chini kote kutakuwa kumelowa tu. Pampu ya maji ina kitundu kidogo tumboni. Kikitoa kulanti, sili ya ndani imekwisha na fundi wako atakuwa amepatia. Usikizibe kwa silikoni, kimewekwa makusudi kikuambie. Kikiwa kikavu, nenda kwenye nyumba ya thamostati (vali inayofunguka kulanti ikipata joto) na ncha za mipira.

Fasta_Fasta:
Mbona mnamchosha mwenzenu? Amwage dawa ya kuziba matundu kwenye rejeta, maisha yaendelee. Mimi mwaka wa pili huu.

Mama_Boneti:
@Fasta_Fasta kwangu dawa hiyo iliziba na hita humohumo. Baridi ikija naendesha nimejifunga blanketi.

Mdogo wangu, kabla hujaigusa alteneta toa waya hasi wa betri. Ule waya mnene wa nyuma yake una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, spana ikigusa bodi utaona cheche. Ukimaliza pima chaji: injini ikiwaka, kwenye betri isome kama volti 13.5 hadi 14.5. Ikiwa chini ya hapo, huenda kulanti imeshaingia kwenye brashi (vipande vya kaboni ndani ya alteneta). Mkanda unalia kwa sababu umelowa. Suuza kwa maji safi, ukiwa umevimba au una nyufa tupa. Na hicho kidimbwi kifute, ni kitamu kwa mbwa na paka na kinaua.

Tochi_Mdomoni:
MREJESHO. Pampu ya maji ni nzima, kitundu kikavu kabisa! Presha ilishuka taratibu, nikahangaika karibu saa nzima sioni kitu, mpaka nilipoingiza kioo cha kunyolea ndevu. Mpira unaotoka nyumba ya thamostati una ufa upande wa chini, chini ya klipu. Kwa juu ulikuwa mzuri kama mpya. Mkono haukupita, ikabidi nishushe alteneta, bolti mbili tu. Shingo ya chuma ilikuwa na kutu, nikaisugua kwa msasa laini, nikafunga mpira mpya na klipu mpya. Kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Presha imekaa dakika 15 bila kusogea. Chaji 14.1.

Tatizo jipya: hita inatoa ubaridi gari likisimama, nikikanyaga mafuta inatoa joto.

Mzee_wa_Gasketi:
Hewa hiyo, imenaswa kwenye njia za kulanti. Likishapoa, egesha pua ikiangalia mlimani, fungua mfuniko, hita kwenye joto la mwisho, washa. Subiri mipira yote miwili ya rejeta iwe ya moto huku unajazia.

Tochi_Mdomoni:
Imecheua mara moja kwa kishindo, ikanywa karibu lita nzima. Sasa hita inaunguza vidole. Kesho asubuhi nalaza kadibodi chini nione.

Tochi_Mdomoni:
Kadibodi kavu.