Kitabu cha kuhesabu kisicho na rangi: huyu Tom Feelings ni nani?

Bi Mwalimu, Wete
Asalaam alaikum. Nasomesha darasa la pili. Kwenye boksi la vitabu vya msaada nimekuta Moja Means One, moja hadi kumi kwa Kiswahili, maelezo ya Kiingereza, picha za Tom Feelings. Zote nyeusi na kijivu. Jana nafungua moja, mlima Kilimanjaro, mtoto kaniuliza: "Mwalimu, rangi zimechujuka?" Nikakosa jawabu. Kwao huko zilipokewaje?

Mzee wa Vitabu, Darajani
Wa alaikum salaam. Hazijachujuka bibi, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Mmarekani mweusi huyo, kazaliwa Brooklyn 1933. Alianza na katuni za gazetini, Tommy Traveler, kijana anayeota yumo ndani ya historia ya watu weusi. Maneno yake, picha zake. 1964 akahamia Ghana, akichora huko mpaka Nkrumah alipopinduliwa 1966. Kitabu chako ni cha 1971, na maneno ni ya mkewe, Muriel, aliyewahi kusomesha Uganda. 1972 kikapata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto; yeye ndiye mchoraji mweusi wa Marekani wa kwanza kufika hapo. 1975 wakaipata tena kwa Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti.

Mjukuu wa Ng'ambo
Tuzo sikatai, lakini "jambo"! Hapa mjini anayesalimia hivyo ni papasi akiwinda mzungu Forodhani. Mwambie bibi yangu "jambo", atakuuliza jambo gani. Ila nawapa haki yao: herufi wameweka 24, Q na X wameziacha, na A ni arusi, bila H, kama anavyotamka bibi huyo huyo.

Mtembeza Wageni, Mkunazini
Mimi namjua kwa The Middle Passage, 1995. Kaikalia kazi hiyo miaka kama ishirini, na michoro yake haina maneno. Ni watumwa wa Atlantiki, si wa njia zetu huku. Mgeni alinipa nakala yake nje ya kanisa, pale penye soko la zamani la watumwa. Nilipofika kwenye watu waliolazwa chini ya meli, wamebanana, niliifunga nikamrudishia. Mwaka uliofuata baada ya kutoka, 1996, ikapata tuzo ya Coretta Scott King, ya waandishi na wachoraji weusi wa vitabu vya watoto Marekani. Hiyo, Bi Mwalimu, usiipeleke darasa la pili.

Bi Mwalimu, Wete
Siipeleki. Ahsanteni sana. Leo nimewagaia vipande vya makaa, kila mtu achore "moja" yake. Kilimanjaro hata mmoja! Mikarafuu imejaa, na ngalawa. Yule aliyeniuliza rangi kachora pweza, wenzake wakamzomea: pweza ni nane huyo! Kabisha mpaka kengele ikalia, kwamba yeye kahesabu kichwa. Wazazi wa Wete mnisamehe kwa mashati meupe.